Watu Tisa Nyuma ya Mzee Rutagengwa

Kila siku ya shule Laurence aliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakati mama yake akifunga mzigo wa karoti na kabichi wa kuvusha mpaka kwenda Goma. Mama hakuwa mtu wa maneno mengi asubuhi. Alimkumbusha kuzima jiko, kufunga mlango na kumpeleka mdogo wake shule ya chekechea, kisha akajitwika kikapu na kushika njia ya mpakani pamoja na wenzake. Laurence aliteka maji bombani, akafagia uwanja wao wenye changarawe nyeusi za volkano, akamnawisha mdogo wake uso na kumfikisha chekechea kwa masista, ndipo naye akakimbilia darasani.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwepesi wa kuelewa na mwepesi zaidi wa kuahirisha. Kazi ya leo kwake ilikuwa kazi ya kesho. Kwa kuwa kila mara aliimaliza kengele ikikaribia kulia, na bado akapata alama nzuri, hakuona ubaya wowote katika tabia hiyo.

Mwezi wa tatu, mwalimu Gad aliyewafundisha maarifa ya jamii aliwapa kazi ambayo haikuwamo kitabuni. Uchaguzi wa viongozi wa midugudu, yaani vijiji vya Rwanda, ulikuwa umekaribia. Alitaka wanafunzi waende wawili wawili, waandike historia ya chaguzi za mudugudu wao: nani waliongoza, walichaguliwaje, na nini kilibadilika mwaka hadi mwaka. Kazi itakayokuwa bora ingesomwa mbele ya wakazi siku ya umuganda, watu wakishamaliza kazi ya pamoja na kukaa mkutanoni, juma moja kabla ya uchaguzi. Aliwapa siku kumi na nne.

Laurence alipangwa na jirani yake Alliance, msichana mtaratibu mwenye mwandiko mzuri kuliko wote darasani. Wote wawili walijua pa kuanzia. Juu ya barabara iendayo Rubavu aliishi Bibi Mukabera, mwanamke wa miaka sabini na zaidi ambaye magoti yalikuwa yamemfungia nyumbani. Huyu ndiye aliyekuwa karani wa uchaguzi wa kwanza, na tangu hapo hakuacha kuandika. Katika daftari moja nene lenye jalada la kijani alikuwa ameweka chaguzi zote, kuanzia ule wa mwaka 1999.

Bibi Mukabera aliwapokea kwa furaha. Alizaliwa Masisi, ng'ambo kule Kongo, na Kiswahili cha huko hakikumtoka mdomoni. Aliwasimulia jinsi watu walivyokusanyika kiwanjani mwaka ule, baada ya miaka ya vita, baadhi wakiwa wamerudi kutoka Kongo, baadhi Tanzania, na wengine hawakuwahi kuondoka. Walijuana kwa sura tu. Wagombea walisimama mbele wakiwapa watu kisogo, na msimamizi akasema kila mtu aende kusimama nyuma ya anayemtaka. Kwa muda mrefu hakuna aliyesogea. Mwishowe mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alitoka peke yake, akavuka uwanja na kusimama, na wengine wakamfuata. Yeye Mukabera alipita akihesabu, akimgusa kila mtu begani. Mgombea mmoja, Gatete, alipogeuka baada ya kuhesabiwa alimwona mkewe katika mstari wa mpinzani wake. Walirudi nyumbani kila mtu na njia yake, alisema Bibi Mukabera, ila jioni walikula pamoja.

Wasichana walicheka. Laurence aliomba aondoke na daftari akanakili kwao kwa utulivu. Kikongwe alilipapasa jalada.

"Hii daftari haijatoka mu hii nyumba hata siku moja," alisema. "Lakini miguu yangu haitaki kukaa na nyinyi siku tatu. Chukua. Nitairudishiwa lini?"

"Jumatatu, Bibi."

Jumatatu ilipita, na Jumatatu ya pili ikapita. Wasichana walikuwa wamegawana kazi: Laurence anakili na kutunga, Alliance achore ramani na kuandika nakala safi. Alliance alichora ramani yake siku ya kwanza. Kila alipouliza, Laurence alimjibu kwamba kazi inakwenda. Ukweli ni kwamba alikuwa amenakili mwaka 1999 na 2002 tu, na daftari lilikaa mkobani likizungushwa naye kila mahali.

Alhamisi, siku moja kabla ya kazi kukusanywa, walitoka shule mapema. Jua lilikuwa kali, na wenzake walikuwa wakiteremka ufukweni kuogelea. Laurence alijiambia kwamba saa moja haimalizi siku. Aliuacha mkoba mchangani, akaingia ziwani. Kivu ilikuwa shwari kama sahani. Hakuna aliyetazama mawingu yaliyokuwa yakijikusanya upande wa Kongo, na mvua ilipokuja haikubisha hodi. Ilishuka mara moja, nzito, na walipokuwa wakihangaika kutoka majini na kutafuta nguo zao, mkoba ulikuwa ukielea katika dimbwi la maji ya matope.

Nyumbani alilitoa daftari. Karatasi zilikuwa zimegandana. Mama alikuwa bado hajarudi. Aliwasha jiko la mkaa, akalisimamisha daftari kando yake, likiwa wazi, ili likauke. Mdogo wake alilia nje, amejikwaa. Laurence alitoka kumwinua, akamfuta magoti, na aliporudi alipokelewa na harufu ya karatasi inayoungua. Alilivuta daftari kwa nguvu. Kurasa za mwisho zilikuwa zimeokoka, na za mwanzo pia. Katikati, karatasi mbili zilikuwa zimegeuka kahawia, na alipozigusa zilibomoka vidoleni mwake kama majani makavu.

Alikaa chini akajaribu kusoma kilichobaki. Juu ya ukurasa wa mwaka 2006 aliona maneno yaliyosema kwamba seli, vitengo vidogo vya utawala, ziligawanywa upya, mudugudu ukawa ngazi ya chini kuliko zote, na aliyechaguliwa kuuongoza ni Rutagengwa. Mwaka 2011 halikubaki ila jina moja: Bushira. Mengine yote ya miaka hiyo miwili yalikuwa majivu.

Angeweza kumwendea Bibi Mukabera jioni ile ile. Haikuwa mbali. Lakini angemwambia nini? Na kesho angempa nini mwalimu? Alichukua kalamu. Rutagengwa aliongoza, kisha akaja Bushira. Kiongozi haondoki hivi hivi, aliwaza. Bila shaka watu walimkataa. Akaandika kwamba mwaka 2011 Rutagengwa aligombea tena, lakini wakazi hawakuridhika na kazi yake. Sentensi ilionekana fupi mno, haina uzito. Historia inapenda tarakimu. Akaongeza kwamba ni watu tisa tu waliosimama nyuma yake.

Asubuhi Alliance alinakili yote kwa mwandiko wake wa kupendeza. Alipofika hapo alisimamisha kalamu.

"Tisa? Imeandikwa hivyo daftarini?"

"Imeandikwa," Laurence alijibu.

Alliance akaandika tisa.

Kazi yao ndiyo iliyochaguliwa. Mwalimu Gad aliisifu mbele ya darasa zima, akasema hajapata kuona wanafunzi waliochimba kiasi hicho. Laurence alitabasamu. Daftari alikuwa amelificha chini ya godoro.

Siku ya umuganda wakazi walizibua mtaro wa maji ya mvua tangu asubuhi. Baada ya hapo walikaa kwenye nyasi, wamechoka, makoleo na majembe yamelala kando yao. Laurence alisimama mbele na kuanza kusoma. Mwanzoni sauti ilikuwa ya chini, kisha ikapata nguvu, kwa maana watu walisikiliza kwelikweli. Walicheka waliposikia habari ya Gatete na mkewe, na Gatete mwenyewe, sasa mzee asiye na jino la mbele, alicheka kuliko wote. Waliitikia kwa vichwa waliposikia habari ya mwaka 2006.

Ndipo akaufikia mwaka 2011. Hakuweza kuuruka, mwalimu Gad alikuwa na nakala mkononi. Alisoma haraka. Kulikuwa na kicheko kimoja kutoka nyuma, na mtu mmoja akalirudia neno lile, "Tisa," kama anayeonja chakula kigeni.

Mzee Rutagengwa alikuwa amekaa juu ya jiwe karibu na mtaro. Alikuwa mtu mrefu, mfugaji wa ng'ombe wawili, mpole, ambaye watoto wote wa mtaa walimsalimu bila kuogopa. Aliinuka, akagonga jembe kwenye jiwe ili matope yadondoke, akaliweka begani na kuondoka zake kwa hatua za polepole. Laurence alimaliza kusoma akiutazama mgongo ule ukipotea barabarani. Watu wakapiga makofi.

Juma lile lilikuwa refu kuliko mwezi. Karatasi yao ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, na kila aliyepita aliisoma. Siku ya Jumapili Laurence alisikia watoto wadogo wakimtania mjukuu wa Rutagengwa kwa wimbo wa watu tisa. Jumatatu, bombani, aliwakuta wanawake watatu wakizungumza huku madumu yao yakijaa. Ilikuwa inajulikana kwamba wengi walitaka kumpendekeza Rutagengwa arudi kuongoza, kwa kuwa mkuu aliyekuwapo alikuwa anahamia Nyundo. Sasa mambo yalibadilika. Mmoja alisema watu hawamkimbii mtu bila sababu. Mwingine akasema labda alikuwa akipendelea jamaa zake. Wa tatu akaongeza kwamba hata yeye aliwahi kusikia kitu kama hicho, ingawa hakukumbuka kwa nani. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akiishi mtaani mwaka ule.

Laurence alisimama nyuma yao na dumu tupu. Aliona uongo wake wa neno moja tayari umezaa watoto, na watoto wana miguu.

Jumatano Alliance alimletea ujumbe. Bibi Mukabera alikuwa anaomba daftari lake. Tena alikuwa na huzuni, Alliance alieleza. Kwa miaka mingi Mzee Rutagengwa alimpelekea maziwa kila baada ya siku moja, akakaa barazani kwake wakazungumza. Juma hili maziwa yaliletwa na mjukuu wake, na mzee mwenyewe alipita barabarani bila kugeuza shingo. Bibi hakujua alichomkosea.

Laurence ndiye aliyejua. Mzee alidhani ni rafiki yake wa siku zote aliyeandika habari ile daftarini, akaificha miaka yote, na kuwakabidhi watoto waisome mbele ya watu.

Jioni Laurence alikisukuma chakula pembeni ya sahani. Mama alimtazama akauliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Mama akaendelea kumtazama, akasema tu kwamba mzigo usiokuwa kichwani huwa mgumu zaidi kutua. Laurence akaondoa vyombo.

Alhamisi baada ya masomo alilivuta daftari kutoka chini ya godoro, akapanda njia ya kwa Bibi Mukabera. Mara mbili alisimama. Mara ya pili aligeuka kabisa, akatembea hatua kama ishirini kurudi, kisha akageuka tena.

Bibi Mukabera alilipokea daftari kwa mikono miwili. Alilifungua. Alipitisha kidole juu ya wino uliovuja, akafika katikati, kwenye kingo zilizoungua. Laurence alimweleza yote akiwa amesimama: ziwa, mvua, jiko, kalamu. Alipofika kwenye idadi ya watu tisa alikwama, ikabidi aanze upya.

Kikongwe hakumkaripia. Ingekuwa rahisi zaidi kama angemkaripia.

"Unajua mwaka ule ilikuwa nini?" aliuliza hatimaye. "Muke wa Rutagengwa alikuwa mu hospitali. Watu walipomutaja, akasema hapana, mi siwezi kuongoza watu na muke wangu iko kitandani. Akamutaja Bushira. Halafu akatoka yeye wa kwanza, mbele ya watu wote, akasimama nyuma ya Bushira. Mwaka ule watu walikuwa bado wanaona haya kusimama nyuma ya mwanamuke. Walipomuona yeye, wakafuata. Muke wake alikufa mwezi uliofuata."

Laurence alianza kulia. Alisema atakwenda kwa Mzee Rutagengwa sasa hivi akamwombe msamaha.

"Utaenda. Lakini yeye anajua kweli yake," Bibi Mukabera alisema. "Na mi sasa najua. Wale uliowasomea kule kwenye mutaro, ni nani atawaambia?"

Ijumaa, kabla ya kengele, Laurence alimsubiri mwalimu Gad mlangoni mwa ofisi ya walimu. Alimwambia akiwa amekodolea macho viatu vyake. Mwalimu akasema kwamba kosa halikuwa lake peke yake. Yeye aliyepewa kazi ya kusahihisha alipaswa kuomba kuliona daftari, naye hakuomba, kwa sababu kazi ilimfurahisha. Alasiri walikwenda pamoja kuiondoa karatasi ubaoni, kisha kwa msimamizi wa uchaguzi wa mudugudu, mwanamke mkali aliyekuwa akihakiki orodha ya wapigakura. Aliwasikiliza na kuwaambia kwamba uchaguzi haungojei mtu. Angempa Laurence dakika tatu kabla ya watu kuanza kutaja majina, bila kuzidisha.

Kutoka hapo Laurence alikwenda peke yake kwa Mzee Rutagengwa. Mjukuu alisema babu ameenda kukata majani ya ng'ombe. Alingoja hadi jua lilipogusa vilima, mzee asirudi. Ikambidi aende nyumbani akiwa hajamwona.

Asubuhi ya Jumamosi kiwanja kilijaa. Mama yake hakwenda Goma siku hiyo. Alikuwa ameambiwa kila kitu, na alikuja amevaa kitenge chake kizuri, hakumshika mkono wala kumkemea, ila alisimama mahali ambapo Laurence angeweza kumwona. Mzee Rutagengwa alikuwa nyuma kabisa, pembeni, kama mtu aliyekuja kutimiza wajibu tu.

Msimamizi alimwita. Laurence alikwenda mbele. Juma moja nyuma alikuwa na karatasi ya kujificha nyuma yake. Leo mikono ilikuwa mitupu na hakujua aiweke wapi.

"Niliwasomea historia ya chaguzi zetu," alisema. Mtu akapaza sauti kwamba hawasikii. Alimeza mate, akaanza tena kwa nguvu zaidi. "Niliwasomea kwamba mwaka 2011 watu tisa tu walisimama nyuma ya Mzee Rutagengwa, na kwamba hawakuridhika naye. Haikuwamo daftarini mwa Bibi Mukabera. Daftari nililiharibu mimi, na maneno hayo niliyatunga mimi. Alliance hakujua, Mwalimu hakujua, Bibi hakujua. Mzee Rutagengwa hakugombea mwaka ule. Mke wake alikuwa mgonjwa."

Minong'ono ikapita kiwanjani kama upepo katika mahindi. Mtu mmoja alisema kwa hasira kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu. Mwingine akauliza, sasa watajuaje kwamba haya ya leo ndiyo ya kweli? Laurence alimtafuta mama yake kwa macho. Mtu aliyekwisha kusema uongo mahali pale pale hana cha kuweka rehani.

Aliyejibu ni Bushira. Alikuwa sasa bibi mwenye wajukuu, mfanyabiashara wa vitenge, mtandio mweupe kichwani. Alisogea mbele.

"Mimi nilikuwapo," alisema. "Nilisimama nimewapa kisogo, nikitetemeka, nikidhani hakuna atakayekuja. Nikasikia mtu mmoja nyuma yangu anakohoa. Nikakijua kikohozi kile. Kilikuwa cha Rutagengwa."

Gatete akasema hata yeye anakumbuka, kwa kuwa alikuwa wa tatu na alimkanyaga kisigino aliyekuwa mbele yake. Mwanamke mmoja akasema alikuwa amembeba kitinda mimba wake, na huyu hapa, ndiye kijana yule aliyesimama pale na wanafunzi. Mmoja alimkumbuka aliyekuwa mbele yake, mwingine aliyekuwa nyuma, na mstari wa mwaka 2011 ukaanza kujengeka tena vinywani mwa watu, mtu baada ya mtu. Msimamizi ndiye aliyewakatisha, akiwakumbusha kwamba hawakuja kuchagua kiongozi wa mwaka 2011.

Majina yakatajwa. Wa kwanza alikuwa Umutoni, muuguzi kijana wa kituo cha afya. Wa pili, Gatete alimtaja Rutagengwa. Mzee alisitasita, akatazama chini, kisha akatoka pembeni alipokuwa na kwenda mbele. Wagombea wakageuza migongo, na watu wakaanza kusogea.

Laurence alisimama kando na wanafunzi wenzake. Mistari miwili ilirefuka. Aliwaona wanawake watatu wa bombani wakisimama nyuma ya Umutoni. Alimwona Bushira nyuma ya Rutagengwa. Alimwona mama yake akienda kwa Umutoni, akafumba macho. Msimamizi alihesabu mara mbili, kwa sauti. Umutoni, sabini na wanne. Rutagengwa, sitini na mmoja.

Mzee aligeuka. Aliutazama mstari wake kuanzia mbele hadi mwisho, uso kwa uso, akiwainamia kichwa wote. Kisha akampa Umutoni mkono kwa mikono miwili.

Watu walipoanza kutawanyika, Laurence alimfuata. Alimwomba msamaha kwa maneno yaliyogongana. Mzee alisema alikuwa anakwenda kwa Mukabera, ambaye yeye mwenyewe amemnunia bure juma zima, na kama anataka amfuate.

Walimkuta Bibi Mukabera barazani. Rutagengwa alivua kofia. Alisema alikuja kuomba radhi, kwa sababu aliamini kitu cha kwanza alichosikia badala ya kuja kuuliza, wakati nyumba haiko mbali. Bibi akamwambia akae, ameziba jua. Kwa wazee wale wawili mambo yakaishia hapo. Lakini kwa Laurence hayakuwa yameisha. Swali lilikuwa likimchoma tangu kiwanjani.

"Mzee, umeshindwa kwa sababu yangu?"

Rutagengwa aliigeuza kofia mikononi. "Yule binti muuguzi ni mtu mwema. Pengine wangemchagua hata ungekaa kimya. Pengine sivyo. Mimi sijui, na wewe hutajua, hata uwaulize wote mmoja mmoja. Umeusema ukweli mbele ya watu, na nimekusamehe. Lakini uongo ukishatembea, mwenyewe hawezi tena kuhesabu umeingia nyumba ngapi. Huo ndio ubaya wake, mwanangu. Si kwamba utagunduliwa."

Mama yake alimwambia baadaye kwamba yeye alikuwa ameamua siku nyingi kumchagua Umutoni, kwa jinsi alivyomhudumia mdogo wake Laurence alipougua homa. Hilo lilimpunguzia kidogo, si yote.

Jumapili baada ya misa Laurence na Alliance walirudi barazani kwa Bibi Mukabera na karatasi mpya mbili za kubandika daftarini. Bushira alikuja, Rutagengwa alikuja, Gatete naye akaja bila kualikwa. Walisimulia, na Laurence akaandika. Bibi alimwagiza kwanza aeleze, juu kabisa ya ukurasa, kwa nini mwandiko wa hapa si wake, na nani aliziharibu karatasi za zamani. Aliandika hivyo, na jina lake kamili.

Kisha walifika kwenye hesabu. Ni watu wangapi walisimama nyuma ya Bushira mwaka 2011? Rutagengwa alisema kama themanini. Bushira alisema walipita mia. Gatete alikuwa na idadi yake, ambayo hakuna aliyeiamini. Wote wakamgeukia Bibi Mukabera, aliyewahesabu kwa mkono wake. Alifumba macho, akatafuta, akatikisa kichwa. Ilikuwa imemtoka.

Kalamu ya Laurence ilibaki hewani. Themanini ingependeza. Mia pia ingependeza.

"Niandike nini, Bibi?"

"Tunajua ngapi?"

"Hatujui."

"Basi andika ile tunayojua," Bibi Mukabera alisema. "Mutu anayesema sijui bado ataaminiwa kesho. Mwenye kujaza tu nafasi, hata siku anasema kweli watamuuliza shahidi."

Laurence aliinamisha kichwa. Kwa mwandiko wa polepole, bila kufuta, akaandika: Idadi ya watu haijulikani. Kisha akamwomba Bibi asome, kuona kama iko sawa.